Geji Mbili za Shangazi

Gerejini, 4 Februari

Kwako Bwana Kwa Nini,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Shangazi yako mzima. Goti ndilo lina maneno yake, nami nimelizoea.

Nakuandikia jambo la kazi. Unamjua mkunga wa zahanati, yule aliyekupokea duniani ukiwa umetanguliza miguu kwa ubishi. Amepewa pikipiki ya magurudumu manne ya kupandia kwa wajawazito wa mlimani. Watu wameibatiza Chura, na jina limekubali. Injini ya Chura ilikuwa ndogo, na mkunga na mabegi yake si wepesi. Kwa hiyo nimetanua silinda, nikaweka pistoni kubwa, nikamvua kabureta yake na kumfunga ya pikipiki kubwa, na kichujio cha hewa nimekiacha wazi apumue. Tambarare anakwenda kama ameiba. Lakini akifika kona ya tatu ya mlima anakohoa, anatoa moshi mweusi, anazima. Kila siku kona ileile. Mkunga anateremka anasukuma, na wewe unamjua mdomo wake.

Nimebadilisha jeti mpaka kopo limebaki tupu. Kama umesahau, jeti ni kile kitundu cha shaba ndani ya kabureta kinachopima mafuta, ulichowahi kukimeza ukiwa mdogo tukakingoja siku mbili. Zamani kazi hii niliifanya nikiwa nimefumba macho. Sasa nataka namba. Wewe mshahara wako unaupata kwa kukagua geji za kiwanda, basi nitafutie geji za Chura: moja iniambie moshi una hewa kiasi gani, nyingine iniambie joto la injini. Usiniulize kwa nini.

Mvua zikianza, gari halipandi kule. Ni Chura au miguu. Kamati ya zahanati imesema mvua zikimkuta hapandi, atapelekwa kwa fundi mwingine. Wamchukue. Ila nakwambia wewe peke yako: Chura akinishinda, nafunga gereji na funguo namrudishia mwenye jengo. Wateja wenyewe wamepungua. Zamani hapo langoni, chini ya yale maneno yako PIGA HONI uliyoyapaka ukiwa na miaka kumi, hapakuwa na utulivu. Siku hizi kimya.

Shangazi yako,
mwenye gereji

*

Kiwandani, 11 Februari

Shikamoo Shangazi,

Geji hizo, nimezifunga kwenye fulana zangu mbili zisivunjike. Fulana zifue ubaki nazo.

Yenye pete ni ya joto. Pete inakaa chini ya plagi, pale kwenye kichwa cha silinda. Yenye mdomo mnene ni sensa. Utatoboa bomba la moshi karibu na injini, utachomelea nati, halafu utaisokota humo. Inanusa moshi na kukupa namba kwenye geji. Namba ikifika kumi na nne na nusu au zaidi, hewa ni nyingi na mafuta machache: injini ina kiu. Ikishuka kumi na moja, injini inazama kwenye mafuta. Wa kupanda mlima tunamtaka kwenye kumi na tatu, amekunywa lakini hajalewa.

Umesema nisiulize, lakini utanisamehe, jina ulinipa mwenyewe. Kwa nini kona ya tatu na si ya pili? Nadhani ni hewa. Unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, lakini kitundu cha shaba hakijui kwamba kimepanda, kinaendelea kumwaga mafuta yaleyale. Kama chini Chura ameshashiba, juu atavimbiwa. Pima uniambie kama nimekosea.

Na swali la pili, hili si la injini. Kwa nini simu hutaki kuongea nami? Unapokea, unasema "haya, haya," unakata. Juzi nilikuuliza goti linaendeleaje ukanijibu "Jumanne." Kama bado una kinyongo kwamba niliacha gereji nikaja huku, niambie tu. Nilidhani tulishayamaliza.

Wako,
Bwana Kwa Nini

*

Gerejini, 20 Februari

Bwana Kwa Nini,

Mtandao wa huku mbovu. Barua naisoma mara mbili na hainikatikii. Mengine achana nayo.

Geji zimefungwa na zinapendeza, Chura kawa kama ndege ya serikali. Nimeshusha bomba, nimetoboa, nimechomelea nati, nimerudisha bomba kwa gasketi yake ileile, ile pete ya kuziba maungio, ilikuwa bado na uzima. Kisha nikampeleka tambarare nyuma ya soko, nimekandamiza kile kijiti cha mafuta cha kidole gumba mpaka mwisho, macho kwenye geji.

Sasa kaa chini. Geji ya moshi imesema kumi na saba.

Yaani ana kiu! Nikasema kumbe nilikuwa namnyima. Nikaweka jeti kubwa zaidi. Kumi na saba. Nikachukua jeti nyingine nikaitanua kwa sindano ya kushonea mpaka kitundu kikawa kama pua. Kumi na sita na nusu. Na moshi huo, mwanangu! Wauza nguo wamefunika meza zao. Nimetoa plagi, nyeusi kama sufuria ya shughuli, imelowa mafuta tiritiri. Na ile geji yako ya joto inaniambia injini ya baridi, na injini ya kiu haiwi ya baridi, hilo nalijua tangu hujazaliwa.

Geji moja inasema ana kiu, nyingine inasema anazama. Zinabishana kama mawifi, na mimi nimekaa katikati nimeshika spana. Niamini ipi?

Kwa mara ya kwanza nami nauliza kwa nini. Furahi.

Shangazi

*

Kiwandani, 27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imeninyima chakula cha mchana. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaenda stoo, nikachukua sensa ndugu ya hiyo yako nikaijaribu kwa moshi wa jenereta. Inasema kweli. Plagi yako nayo inasema kweli, na joto linasema kweli. Wote wakweli na hawapatani! Nimezunguka na jambo hili mpaka msimamizi akaniuliza kama nina msiba.

Nimefikia hapa. Sensa haidanganyi, lakini inaweza kudanganywa. Injini haitoi moshi kwa mfululizo, inatoa pumzi kwa pumzi. Kama maungio ya bomba na kichwa cha silinda yana mwanya, basi kati ya pumzi moja na nyingine bomba linavuta hewa ya nje. Sensa inainusa hewa hiyo na kuihesabu. Inakuambia hewa ni nyingi, na ni nyingi kweli, ila haikupita kwenye injini.

Kulijua hilo ni kazi rahisi kwako kuliko kwa mtu yeyote. Mwashe Chura akiwa wa baridi, inama pale maungioni usikilize. Kama kuna mwanya utasikia ti-ti-ti-ti, kama mtu anagonga kikombe kwa kijiko. Huwezi kuikosa. Wewe ndiye uliyenifundisha kuisikia kwenye lori likiwa bado lipo ng'ambo ya barabara, mimi sikuamini mpaka likafika.

Na mkunga nimemwandikia pia kumuuliza anavyoshika mafuta pale konani, maana kabureta ina ngazi: gumba likibonyeza nusu anayepima mafuta ni ile sindano ndefu ya katikati, likibonyeza mpaka mwisho ndipo jeti kubwa inatawala. Usinikasirikie kwa kuuliza nyuma yako.

Wako,
Bwana Kwa Nini

*

Gerejini, 5 Machi

Bwana Kwa Nini,

Nimeinama, nimesikiliza. Hakuna ti-ti wala ta-ta. Maungio mazima.

Tafuta sababu nyingine, au tuache. Kamati imekuja kumtazama Chura, wamesimama hapo wanaongea wao kwa wao, wakaondoka. Mawingu yameanza kukaa juu ya mlima tangu asubuhi.

Funguo za gereji nimezitoa kwenye mshipi nimezitundika ukutani, nizizoee zikiwa mbali.

Shangazi

*

Zahanati, 6 Machi

Mwanangu uliyetanguliza miguu,

Nimepata barua yako. Tangu ukiwa na siku moja ulikuwa unakodoa macho kama mtu wa kodi, sishangai umeishia kukagua.

Umeniuliza kona ya tatu naishikaje. Mwanangu, gumba langu la kulia limevuta watoto wa kata nzima. Kulibonyeza mpaka mwisho mlima mzima siwezi, linauma. Kwa hiyo nabonyeza nusu na kuliacha hapohapo mpaka juu. Shangazi yako hajawahi kuniuliza. Yeye anamjaribu kule sokoni kwa gumba la fundi.

Na kwa kuwa unapenda mambo madogo: tangu mmemwekea Chura hizo saa zenu, anagonga. Ti-ti-ti-ti, mpaka wagonjwa wanajua ninakuja. Nilidhani ni hizo saa zinavyofanya kazi. Nikamuuliza shangazi yako akacheka tu akasema "ndiyo, mawingu." Siku hizi ukimuuliza hili anakujibu lile. Juzi nimepiga honi hapo langoni mpaka mwenye duka la jirani akatoka na ufagio, yeye kanipa mgongo anasaga chuma. Ameringa au ana mawazo? Muulize wewe, mimi ananifokea.

Mkunga wako

*

Kiwandani, 12 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimepata njia nyingine, nayo ni ya kwetu kiwandani. Huku kuna kelele za boila, mtu akikutukana unamshukuru. Sote tuna vizibo masikioni kuanzia getini. Hakuna hata mmoja wetu anayetafuta mvujo kwa kusikiliza, na mvujo tunaupata kila wiki.

Ndani ya bahasha kuna vipande vya karatasi nyembamba, ile ya kufungia sabuni. Mwashe Chura wa baridi. Shika karatasi moja kwa koleo uipitishe taratibu kuzunguka maungio. Penye mwanya itatetemeka, halafu itavutwa, itatetemeka, itavutwa. Akishapoa fungua bomba utazame gasketi: moshi ukipita mahali unaacha mstari wa masizi. Gasketi ikishawahi kubanwa mara moja haibani tena sawasawa, hata ionekane nzima. Nimeweka mpya ya shaba.

Ukiziba hapo, geji ya moshi itakuambia kweli. Nadhani itasema kumi na moja. Rudisha jeti yako ya mwanzo, kisha ushushe ile sindano ngazi moja, maana mkunga anapanda kwa nusu ya mafuta, gumba linamuuma. Ndiyo maana jeti zote zile hazikugusa ugonjwa.

Ningependa kuona karatasi inavyotetemeka. Niandikie ilivyokuwa.

Wako,
Bwana Kwa Nini

*

Gerejini, 17 Machi

Wewe mtoto,

Imetetemeka. Upande wa chini, karibu na bolti ya kushoto, imetetemeka kama bawa la nzi, na mara ya pili ikanyakuliwa ikaungua. Gasketi ina mstari mweusi kama wanja. Nimekaa chini kwenye ndoo nikaitazama muda mrefu.

Halafu nikasoma tena barua yako. Vizibo masikioni! Nani amekwambia? Mkunga? Unanizunguka kwa karatasi ya sabuni kama mtu anamfukuza kuku bila kumshtua.

Basi sikia, maana mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio changu kimekuwa ti-ti-ti ambayo kata nzima inaisikia isipokuwa mimi. Sikio la kulia lilitangulia. La kushoto nalo linamfuata mwenzake. Mwanzo nilidhani watu wamekuwa wapole. Nasikia injini kama iko chumba cha pili, na simu sisikii kitu, nasema "haya" nikitumaini ni swali la haya. Sikuwa na kinyongo na wewe hata siku moja. Nilikuwa naogopa. Nimekulea kwa kukwambia fundi ni sikio, mikono ni vibarua tu, na wewe ukaenda ukawaambia watu huko. Sasa nikuambie nini?

Gasketi mpya nimefunga. Geji imesema kumi na moja, kama ulivyosema. Lakini hilo umelijua wewe ukiwa umekaa huko. Mimi nilikuwa nimeinama juu yake, sikujua. Mwenye jengo nimemwambia apitie mwisho wa wiki kuchukua funguo.

Shangazi

*

Kiwandani, 19 Machi, nampa dereva wa basi la asubuhi

Shangazi yangu,

Mkunga hakuniambia kitu, yeye anadhani unaringa. Nimeunganisha mwenyewe, na nimelia chooni maana ofisini kuna watu. Miezi yote hii nilidhani hunitaki.

Nina swali moja tu, lijibu kwa kazi, si kwa maneno. Nani aliyeona kwamba geji mbili zinabishana? Mimi? Mimi ningeiamini sensa yangu ya gharama mpaka Chura aungue. Wewe ulitoa plagi ukaitazama, ukasema hapana, injini ya kiu haiwi ya baridi. Hilo hukulisikia kwa sikio lolote.

Mwenye jengo mwambie asubiri. Shusha sindano. Halafu usimjaribu sokoni. Panda nyuma ya mkunga, kwa gumba lake, mpaka juu, ukitazama geji. Najua namba itashuka unavyopanda, lakini itashuka kiasi gani? Mimi sijui. Hakuna anayejua, hakuna aliyewahi kupanda mlima ule na geji. Nataka kujua. Niandikie.

Mwanao

*

Gerejini, 27 Machi

Bwana Kwa Nini,

Nimepanda.

Chini zahanati, geji ya moshi kumi na tatu na kidogo. Kona ya kwanza, kumi na tatu kamili. Ya pili, ikaanza kuteremka. Ya tatu nikamshika mkunga kiuno kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeuweka kwenye tangi, kwa sababu nimegundua jambo: injini inasema na kiganja. Akikohoa, kiganja kinajua kabla ya geji. Kumi na mbili na nusu. Kiganja kimya. Joto limesimama pale pale. Tukaizunguka kona ya tatu kama haipo, mwanangu, na ile alama ya matairi anapozimaga tukaikanyaga tukaiacha nyuma. Waliotuona njiani wanasema mkunga alikuwa anaimba. Mimi niliuona mgongo wake unatikisika nikadhani analia, nami nikalia kumsindikiza.

Juu kabisa, kumi na mbili. Andika hiyo. Mvua imetukuta tukiteremka, ikatunyeshea mpaka mifupani, na wiki hii ameshapanda mara nne. Kamati wamekuja tena. Safari hii nimewaambia, "Simameni mbele yangu, semeni polepole, masikio yangu yamestaafu." Wakatazamana. Mmoja akasema, mdomo wazi kama wa mwimba kwaya, kwamba gari la zahanati nalo linakohoa, nilitazame. Kumbe kusema ni rahisi hivyo, na mimi nimejinyonga mwaka mzima. Mkunga ananipeleka kwa daktari wa masikio akipata siku. Nimekubali, lakini usijipe sifa.

Mwenye jengo alikuja. Nilimpa kikombe cha chai akaondoka nacho tumboni, funguo zimerudi kwenye mshipi.

Jambo moja bado. Mkunga aliponisimulia ile honi na ufagio, nilitoka nje nikasimama langoni, mahali mteja anaposimama. Nikayasoma maneno yako kwa mara ya kwanza kama mgeni. Nikafikiria wote waliosimama hapo wakapiga, wakapiga, wakaniona mgongo, wakaenda zao. Kumbe hawakupungua. Nilikuwa nawafukuza kwa kuwapa mgongo, huku nawangoja.

Utanisamehe, nimeifuta kazi yako ya ukiwa na miaka kumi. Rangi ni ya bluu, ile niliyompaka Chura ikabaki koponi. Sasa lango linasema: INGIA MPAKA NDANI, NIGUSE BEGA.

Goti halijambo. Leo linaloniuma ni bega.

Shangazi yako,
mwenye gereji